Vita dhidi ya mbung'o ilivyoivua Simiyu miti yake

Ukitoka Lamadi, kando ya Ziwa Victoria, ukaiacha barabara kuu ya Mwanza na Musoma na kushika ile ya Bariadi, nchi inakufungukia mapema. Kulia na kushoto ni mashamba ya pamba, mtama na mahindi, makundi ya ng'ombe yanayochungwa na watoto, mawe makubwa yaliyorundikana vilimani, na miji ya Wasukuma iliyozungushiwa minyaa. Miti ipo, lakini ni mmojammoja: mbuyu hapa, mkwaju pale, migunga michache kwenye kingo za mito ya msimu. Mgeni huitazama nchi hiyo akadhani iliumbwa hivyo.

Haikuumbwa hivyo. Katika miaka 130 iliyopita vichaka vimeingia na kutoka katika nchi hii zaidi ya mara moja, na katika kila zamu kulikuwa na ugonjwa nyuma yake. Mkoa wa Simiyu wenyewe ni mchanga, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya zilizokuwa Shinyanga na Mwanza: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Lakini ardhi yake ina kumbukumbu ndefu ya magonjwa, ya watu na ya mifugo, na bila kuijua kumbukumbu hiyo ni vigumu kueleza kwa nini hadi leo mama mzee wa kijijini anaweza kuuawa kwa sababu ya rangi ya macho yake.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipita Usukuma akielekea ziwani. Aliuvuka mto Simiyu, na akauhesabu kuwa chanzo cha mbali kabisa cha Nile upande wa kusini. Alikuta nchi ya wafugaji na wakulima, yenye nyasi, vijiji vingi na ng'ombe wengi. Huo ndio uwazi wa kwanza tunaoujua kwa maandishi, na ulitunzwa na midomo ya ng'ombe, majembe ya wakulima na moto wa kila kiangazi. Ng'ombe wanakula majani na machipukizi, mkulima anang'oa visiki, moto unachoma vichaka vichanga. Palipo na watu na mifugo ya kutosha, pori linakaa mbali, na wadudu wa pori hukaa nalo huko huko.

Kisha ikaja sotoka.

Ugonjwa huo uliingia barani mwaka 1887 kupitia bandari ya Massawa, Eritrea, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Ulishuka kusini kwa kasi ya kutisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikuwa umekwisha kuvuka nchi ya Wamasai na kuingia kanda ya ziwa. Mnyama aliyeambukizwa alipata homa kali, machozi na makamasi yakamtoka, vidonda vikajaa mdomoni, akaharisha, na ndani ya wiki moja au mbili akafa. Mahali pengi walikufa ng'ombe tisa kati ya kila kumi. Nyati na nyumbu nao walikufa. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892 akitafuta njia ya kwenda ziwani, aliwakuta Wamasai waliobaki mifupa mitupu wakiomba chakula, na akakadiria kuwa theluthi mbili ya watu wao wamekufa. Njaa na ndui vilimalizia walioachwa na sotoka.

Kwa Msukuma, kufa kwa ng'ombe hakukuwa hasara ya nyama na maziwa tu. Ng'ombe ndio mahari, ndio fidia, ndio akiba ya mwaka wa ukame. Kwa ng'ombe watu huunga undugu na kulipa deni. Zizi likiwa tupu, vijana hawaoi na wagomvi hawapatani. Ndiyo maana ugonjwa wa mifugo haukutazamwa kama jambo la mwenye mifugo peke yake. Ulikuwa ugonjwa wa nchi.

Na nchi ilikuwa na mwenyewe wa kuulizwa. Kabla ya Wajerumani, eneo la Simiyu ya leo lilikuwa na tawala nyingi za watemi: Ntuzu, ambako ndiko Bariadi ilipo, Kanadi, Itilima, Ng'wagala na nyinginezo. Ntemi alikuwa mtu wa mvua. Afya yake mwenyewe ilihesabiwa kuwa afya ya ardhi, na mvua ikigoma au tauni ikiingia, wazee walimkabili yeye: matambiko yamefanywa? Wahenga wamekosewa wapi? Ntemi aliyeshindwa mfululizo aliweza kuondolewa. Watu wa leo huiita imani hiyo ujinga wa kale. Mtazamo huo hauwatendei haki wale wazee. Ndani yake kulikuwa na jambo la maana sana kisiasa: msiba wa wote ulipelekwa mbele ya mkubwa wa wote, hadharani, naye akajibu. Haukupelekwa mlangoni kwa mjane.

Sotoka ilipokwisha kufagia mazizi, nyasi zilibaki bila wa kuzila. Watu wengi walikufa au walihama, mashamba ya pembezoni yakaachwa. Vichaka vya miiba vikaanza kuota palipokuwa malisho, na wanyama wa porini walioponea wakaongezeka upesi kuliko ng'ombe. Mbung'o akapata kila alichokihitaji: kivuli na damu.

Inafaa kumtazama mdudu huyu kwa karibu, kwa sababu mengi yaliyofuata yalitokana na maumbile yake. Mbung'o ni mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, na akitua mabawa yake hulaliana mgongoni kama makali ya mkasi uliofungwa. Dume na jike wote hunyonya damu. Jike hatagi mamia ya mayai kama mbu; hulea buu mmoja tu tumboni, humzaa takribani kila baada ya siku kumi, na buu huyo hujifukia mara moja katika udongo laini wa kivulini ili ageuke pupa. Kwa uzazi huo wa polepole, mbung'o hawezi kustahimili jua kali la mahali pa wazi. Ondoa kivuli, na kizazi kinachofuata hakitokei. Lakini kichaka kikirudi, naye anarudi, na mate yake huweza kubeba vimelea vinavyosababisha nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu.

Msomi Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu ikolojia na uchumi wa Afrika Mashariki, alishikilia kwamba hapo ndipo palipovunjika uwezo wa Waafrika wa kulitawala pori lao: sotoka, ndui, funza, njaa na vita vya ukoloni vilipofuatana ndani ya muda mfupi. Wanahistoria wengine wamempinga kwa kuwa alizipamba mno enzi za kabla ya ukoloni. Wako sahihi kwa kiasi. Lakini kwa upande wa mashariki ya Usukuma, mfuatano wa matukio alioueleza unaonekana waziwazi: ng'ombe kwanza, kisha kichaka, kisha mbung'o, kisha binadamu.

Zamu ya binadamu ilifika mwaka 1922. Wagonjwa wa malale waligundulika Maswa, mashariki ya Mwanza, wakati ambapo Bariadi bado ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo. Serikali ya Waingereza iliingiwa na hofu, na kulikuwa na sababu. Mwanzoni mwa karne hiyo malale yalikuwa yameua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda, kwenye visiwa na pwani za Ziwa Victoria. Yale ya Uganda yalienezwa na mbung'o wa kandokando ya maji na yalimchukua mgonjwa polepole, pengine kwa miaka. Ya Maswa yalikuwa ya aina nyingine, ya pori kavu, yenye vimelea vinavyoishi ndani ya wanyama wa mwituni bila kuwadhuru, na vinavyoweza kumuua mtu ndani ya miezi michache.

Daktari Lyndhurst Duke, mtaalamu wa malale kutoka Uganda, alikuja kuchunguza. Pamoja naye alikuwapo Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Mbung'o waliokutwa katika vichaka vile walikuwa hawajapewa jina katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1923 walipewa jina la Swynnerton, Glossina swynnertoni, na ndilo wanaloitwa hadi leo. Ni mbung'o wa eneo dogo sana duniani, kaskazini mwa Tanzania na sehemu jirani ya Kenya, na Serengeti ndiyo ngome yake.

Swynnerton aliwahi kuwa mkulima Rhodesia Kusini, na hoja yake kubwa hakuipata maabarani. Aliipata kwa wazee wa upande wa Msumbiji, waliomweleza jinsi Umzila, mfalme wa Gaza katika karne ya 19, alivyowalazimisha watu wake waishi kwa msongamano katika nchi yenye mbung'o, wakakata, wakalima, wakachoma, hadi mdudu akatoweka na ng'ombe wakaishi. Watu walipotawanyika, pori likarudi. Swynnerton aliandika hayo mwaka 1921. Kwa hiyo elimu iliyokuja kutumika Usukuma kama sayansi ya Mzungu ilikuwa na mizizi katika siasa ya mfalme wa Kiafrika, na wazee wa Usukuma nao waliijua kwa njia yao. Hakuna mfugaji wa kule aliyehitaji kuambiwa kwamba kichaka kinaua ng'ombe.

Kilichoongezeka ni ukubwa wa kazi. Katika miaka ya 1920 Shinyanga ikawa makao ya vita dhidi ya mbung'o. Ntemi Makwaia wa Usiha aliwatoa watu wake kwa maelfu wakati wa kiangazi, kila mtu na shoka au panga lake, wakakata vichaka maili kwa maili. Majani yaliachwa yakauke vizuri hadi mwisho wa kiangazi, ndipo yakachomwa kwa pamoja, ili moto uwe mkali wa kutosha kuua miche ya miti. Utafiti wa mbung'o wa Shinyanga ulijulikana duniani kote, na Swynnerton aliuongoza hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Njia hiyohiyo, ya kukata, kuchoma na kujaza watu, iliendelea kusogea mashariki, Maswa na Bariadi, kadiri Wasukuma walivyozidi kuhamia huko kutafuta malisho na mashamba ya pamba.

Ushindi ulikuwa wa kweli, na ni haki kusema hivyo. Malale yalirudi nyuma. Nagana ilipungua, mazizi yakajaa, watoto wakanywa maziwa. Mtu aliyewahi kuona ng'ombe mwenye nagana, aliyekonda hadi mbavu zikahesabika huku nyasi zimemzunguka, hawezi kuwabeza watu walioshika shoka.

Gharama ilikuja kulipwa na wajukuu. Pamba ilipopanda bei baada ya Vita Kuu ya Pili, mashamba yakameza kilichobaki. Miti iliyoachwa ilikatwa kwa sababu ya ndege, kwelea kwelea, wanaotua juu yake kabla ya kuvamia mtama. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, kaya zikahamishwa na kupangwa kwa mistari, na malisho ya akiba yaliyokuwa yakitunzwa kifamilia yakakosa mwenyewe. Mwalimu Nyerere alipozuru mkoa wa Shinyanga mwaka 1984, enzi ambazo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake, aliita mahali pale jangwa la Tanzania.

Hapo historia ya mbung'o inaingia jikoni.

Nyumba isiyo na kuni hupika kwa kinachopatikana. Katika vijiji vingi vya Meatu, Maswa na Bariadi kinachopatikana ni mabua ya pamba, na yakiisha, samadi kavu. Jiko ni mafiga matatu ndani ya kibanda chenye paa la nyasi na dirisha dogo, au kisichokuwa nalo. Samadi haiwaki kwa ndimi za moto. Inafukuta, na moshi wake ni mzito, wa njano, unaobaki chini ya paa. Mwanamke anayesonga ugali wa watu wanane huinama juu ya moshi huo asubuhi na jioni tangu utotoni. Akifika miaka 60, macho yake yamekuwa mekundu, yanatoa machozi, kope zimevimba. Mwingine ana vikope, mwingine mtoto wa jicho. Ni maradhi ya kazi, sawa na mgongo wa mbeba mizigo au mapafu ya mchimbaji wa mawe.

Nchi nzima inajua macho hayo yalivyotafsiriwa kuwa dalili ya uchawi. Mauaji ya vikongwe katika Usukuma yameandikwa magazetini kwa zaidi ya miongo mitano, na msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Simeon Mesaki, aliyachunguza kwa kina katika miaka ya 1980 na 1990. Mtoto anaugua, mganga anapiga ramli, jina la bibi fulani linatajwa, na usiku watu wanakuja na mapanga. Mara nyingi kuna ndugu wa damu ndani ya njama hiyo.

Si haki kudai kuwa kila panga lilianzia kwenye shoka la mwaka 1925. Urithi wa shamba umo, ugomvi wa wakwe umo, na tamaa ya waganga wapiga ramli chonganishi imo. Ndio waliopigwa marufuku na serikali mwanzoni mwa mwaka 2015. Kuondoka kwa watemi nako kumo. Serikali huru ilipofuta utawala wa jadi mwaka 1963, ilimwondoa pia yule aliyekuwa akiulizwa hadharani msiba unapoingia, na ambaye mtuhumiwa wa uchawi aliletwa mbele yake, akahukumiwa kuhama badala ya kukatwa. Sheria ya Uchawi, iliyoachwa na Waingereza, haikuziba pengo hilo. Inahitaji ushahidi wa jambo lisiloonekana, kwa hiyo mshitaki alikosa mahakama ya kumsikiliza na mtuhumiwa akakosa wa kumlinda.

Hata hivyo, utafiti mmoja uliofanyika Meatu unapaswa kusomwa na kila kiongozi wa mkoa huu. Mwanauchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliuchapisha mwaka 2005. Alikusanya kumbukumbu za vijiji vya wilaya hiyo kwa miaka zaidi ya kumi, akalinganisha miaka ya mvua ya kawaida na ile ya ukame au mafuriko. Katika miaka ya mvua mbaya, mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi yalikuwa karibu mara mbili. Mauaji mengine hayakuongezeka. Na jambo linalogusa zaidi mada yetu ni hili: miaka ya milipuko ya magonjwa haikuleta ongezeko kama hilo.

Tunaambiwa kila siku kwamba watu wa vijijini wakipatwa na mlipuko hukimbilia uchawi. Takwimu za Meatu zinasema vingine. Kipindupindu kikiingia kijijini na kuharisha kaya kumi kwa siku mbili, watu hutazama kisima. Wanajua kwamba kisima kimoja kimenywewa na wote. Miguel mwenyewe anaona kwamba kinachoua vikongwe ni njaa: kaya inakosa chakula, na asiyezalisha anaonekana mzigo. Uchawi unakuja kuipa njaa jina. Kwa maneno mengine, uhai wa bibi wa Meatu unategemea mvua, rutuba, malisho na akiba ya ghala kuliko unavyotegemea mahubiri dhidi ya ushirikina.

Ndiyo sababu habari ya ngitili haistahili kuachiwa maofisa misitu peke yao. Ngitili ni desturi ya Wasukuma ya miaka mingi. Mwanzo wa mvua familia au kijiji hufunga kipande cha ardhi, mifugo haikanyagi humo, nyasi na miti inakua. Kiangazi kikishika, kipande kinafunguliwa kwa ng'ombe dhaifu, ndama na maksai wa kulimia. Wazee katika dagashida, baraza lao la jadi, ndio waliotunga masharti, na aliyeyavunja alitozwa mchenya, yaani faini. Hakukuwa na ofisi wala fomu.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, maofisa wake walianza na vitalu vya miche ya kigeni, kisha wakawa na busara ya kusikiliza wenyeji na kuigeukia ngitili. Mwanzoni zilizokuwa zimebaki zilihesabiwa kuwa kama hekta 600 tu. Kufikia miaka ya 2000 zilikuwa zimefufuliwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, Simiyu ya leo ikiwamo. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Wataalamu waliopima faida zake waliona kuwa kuni, asali, dawa, majani ya kuezekea na malisho ya ngitili vilimpa mtu mmoja wastani wa dola 14 za Marekani kwa mwezi, kiasi kilichozidi matumizi ya kawaida ya mwanakijiji wa Tanzania kwa wakati ule. Mwanamke aliyekuwa akitembea nusu siku kutafuta kuni alizipata karibu na nyumbani.

Na mbung'o? Swali hilo wazee waliliuliza mapema, kwa kuwa wao au baba zao ndio waliokata. Ngitili ni vipande vidogo, vimezungukwa na mashamba na watu, vinaingiwa na ng'ombe kila kiangazi. Si pori linaloshikana. Tofauti hiyo ndiyo aliyokosa kuiona aliyekata kila kitu katika miaka ya 1920 na 1930. Kati ya msitu mnene na nchi tupu kuna njia ya katikati, na Msukuma wa kabla ya sotoka aliifahamu.

Pori linaloshikana lipo hatua chache mashariki. Pori la Akiba la Maswa, lililotangazwa mwaka 1962, linapakana na Serengeti upande mmoja na vijiji vya Meatu, Itilima na Bariadi upande mwingine. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliopita katika hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, Serengeti ikiwamo, walirudi Ulaya wakiwa na malale. Habari ilienea dunia nzima kwa sababu waliougua walikuwa wageni. Mchungaji anayeingiza ng'ombe porini usiku kutafuta nyasi anaumwa na mbung'o wa ukoo uleule, na homa yake ikianza, zahanati ya karibu inaweza kumtibu malaria wiki tatu bila mtu kufikiria kitu kingine.

Ugonjwa huvuka mpaka huo pande zote mbili. Mwaka 1994 virusi vya ugonjwa wa mbwa viliwaua simba takribani 1,000 wa Serengeti, theluthi moja ya simba wote wa eneo hilo. Tangu miaka ya 1990 timu za chanjo ya mbwa zimekuwa zikizunguka vijiji vinavyoizunguka hifadhi, vya Bariadi na Meatu vikiwamo, na chanjo hiyo imeokoa pia watoto dhidi ya kichaa cha mbwa. Virusi vilivyoua simba ni ndugu wa karibu wa surua, na ni ndugu wa sotoka. Sotoka yenyewe imekwisha. Chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright huko Muguga, Kenya, iliwakinga ng'ombe, na ng'ombe walipokingwa ugonjwa ukatoweka hata kwa wanyama wa porini. Nyumbu wa Serengeti walipanda kutoka robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1 miaka 15 baadaye. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa rasmi kuwa sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili katika historia kutokomezwa na binadamu, baada ya ndui. Mashujaa wa kazi hiyo walikuwa pia wafugaji wa kawaida waliopeleka ng'ombe kwenye chanjo mwaka baada ya mwaka, na hakuna mnara wowote unaowakumbuka.

Leo hatari ya Simiyu imehamia kwenye maji. Mkoa una watu zaidi ya milioni 2 na mvua isiyotabirika, na malambo yaliyochimbwa tangu enzi za mkoloni kwa ajili ya ng'ombe ndiyo yanayonywewa, kufuliwa na kuogewa. Konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotuama kama hayo, na katika Maswa na Itilima mtoto wa shule kukojoa damu bado huchukuliwa na baadhi ya wazazi kuwa dalili ya kukua. Kipindupindu nacho kilipoisumbua Kanda ya Ziwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyougua. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliukubali mwaka 2017 kwa ushirikiano na benki ya Ujerumani ya KfW, ni mradi wa afya kuliko ulivyo mradi wa mabomba. Kila mwaka unaochelewa unahesabika wodini.

Wakuu wa mkoa na wilaya wanaoandaa bajeti wanaweza kuanza na mambo yasiyohitaji mfadhili. Ofisa misitu, daktari wa mifugo, ofisa maji na mganga mkuu wa wilaya wakae meza moja kabla ya msimu wa mvua, sio baada ya mlipuko. Ngitili zilizokatwa upya kwa ajili ya pamba zirudishiwe mipaka yake na sheria ndogo za kijiji. Jiko sanifu lenye bomba la moshi lihesabiwe kuwa kinga ya uhai wa wazee na lipate fungu lake. Mvua zikiharibika, chakula cha njaa kianze kwenye kaya zenye wazee, na polisi wa kata wajue nyumba hizo kwa majina. Na wewe msomaji mwenye mama au bibi kijijini, Bariadi, Maswa au kwingineko, mpeleke kliniki ya macho mwaka huu; mengi ya maradhi hayo yana dawa au upasuaji mfupi, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko mjini Bariadi.